Meli Yenye Gurudumu Nyuma

Mume wangu wa kwanza alikuwa mtia kuni katika meli yenye gurudumu nyuma. Wajukuu zangu hawaniamini. Wameona malori yakipita hapa Kibiti, wameona na mashine ya kukoboa mpunga, lakini nikiwaambia kwamba palikuwa na chombo cha chuma kilichopanda mto Rufiji kwa kuzungusha gurudumu kubwa kama kibanda, hutazamana na kucheka. Mmoja aliniuliza kama gurudumu hilo lilikuwa na tairi. Nikamwambia lilikuwa na mbao. Wakacheka zaidi. Siwalaumu, maana hata mimi nilipoiona mara ya kwanza nilicheka, halafu nikakimbia.

Meli ile haikuja ikielea. Ililetwa vipande vipande na meli nyingine kubwa iliyotia nanga nje ya delta, mitumbwi ikashusha mabati na vyuma, na mafundi wakaviunga kwa misumari ya moto kwenye tope, si mbali na Mbuchi. Haikuwa na mkuku. Tumbo lake lilikuwa bapa kama sinia, ili iweze kupita penye maji ya magotini. Katikati palikuwa na pipa kubwa la chuma la kuchemshia maji, chini ya pipa tanuri la kuni, na juu dohani nyeusi ndefu. Mvuke wa yale maji ulisukuma mikono miwili ya chuma, mikono ikazungusha gurudumu, na mbao za gurudumu zikachapa mto. Watu wa Mbuchi waliiita Bata. Masika, mto ukijaa, Bata alikwenda vizuri. Kiangazi alikwama kila penye fungu la mchanga, na abiria, hata wale wenye kanzu nyeupe, walishuka wakasukuma.

Mume wangu alikuwa mkata mikoko kabla ya kuwa mtia kuni. Wadachi walitaka kuni za mkoko kwa sababu moto wake ni mkali na haufi upesi. Siku Bata alipopiga king'ora chake kwa mara ya kwanza, wakata kuni wote waliingia msituni, akabaki yeye peke yake amesimama. Fundi wa meli, Mgoa mmoja mfupi, akamwonyesha kidole, akasema huyu hana woga, namtaka. Alipenda kutusimulia kisa hicho, na mwisho wake daima alisema, "Kumbe mguu wangu ulikuwa umenasa kwenye tope."

Mimi nilikuwa binti wa vilimani. Kwetu ni Umatumbi, kusini ya mto, mwendo wa siku tatu kwa miguu. Baba yangu alikuwa akiteremka delta kuuza nta na mpira wa mwitu, na huko akapata dini, akapata herufi, na akapata urafiki na mzee mmoja mvuvi wa Mbuchi. Herufi alitufundisha mimi na kaka yangu, tukikaa ubao mmoja, jambo ambalo watu hawakulipenda kwa mtoto wa kike. Urafiki ndio ulionioza kwa mtoto wa yule mvuvi. Baba alifariki mwaka uleule, na kaka yangu akawa ndiye mkubwa wa nyumba yetu, yeye na mama.

Sikuwa na uchungu na ndoa ile. Mume wangu alikuwa mpole na mcheshi. Mikono yake ilikuwa na makovu madogo ya cheche, na ilinuka moshi hata akioga mara mbili. Akirudi safari ya siku kumi alinieleza habari za Bata kama anayeeleza habari za mke mwenza. Leo amekohoa. Leo amekataa maji ya tope, tumemsafisha koo. Mwaka jana tulipakia jembe la moshi, vyuma vitupu, mashine mbili za kusimama huku na huku ya shamba na kuvutana jembe kwa mnyororo, tukazishusha bondeni nazo zikadidimia mpaka kwenye magurudumu, na sasa nyigu wamejenga ndani. Nilikuwa namsikiliza huku nachambua mchele, nikijifanya nimechoka na maneno hayo. Sikuchoka.

Kaka yangu alikuja kututembelea msimu wa pili wa ndoa yangu, amebeba nta kichwani. Yeye na mume wangu walipendana tangu siku ya harusi, wakiitana shemeji hata pasipo haja. Bata alikuwa amefungwa pwani kusubiri kuni, Mzungu wa meli amekwenda kuwinda, Mgoa amelala. Mume wangu akatuchukua sote wawili, akatupandisha.

Kaka aliweka kiganja chake juu ya lile pipa la chuma, likiwa bado na uvuguvugu. "Kinakula nini?" akauliza.

"Kuni na maji."

"Maji gani?"

"Haya haya ya mto, shemeji. Unayachemsha tu."

Kaka akatikisa kichwa. Alikuwa mtu wa kutaka kujua mambo. Pale kwetu ndiye aliyekuwa akifungua mitego ya watu aone ilivyofungwa. Akamzungusha mume wangu chombo kizima, akimuuliza hiki kinafanya nini na hiki kikikatika itakuwaje. Walipofika nyuma, mume wangu akapiga mbao za gurudumu kwa ngumi, akasema, "Hapa ndipo penye roho yake. Juzi gogo la mkoko liliingia kati ya mbao na chuma, tukakaa siku nzima. Gogo tu, shemeji. Mashine yote hii, gogo likiingia hapa tumekwisha."

Nilikuwapo. Niliyasikia maneno hayo, na nikacheka pamoja nao.

Baada ya hapo ikaja pamba. Ilikuwa imeanza kabla, lakini mwaka ule ilizidi. Kila jumbe alipewa shamba la kulimisha watu wake, na kila mtu siku zake za kulima, na akida akipita na askari wake kuhesabu mistari. Kule vilimani, mtu aliacha mtama wake uliwe na nguruwe akalime pamba isiyoliwa. Huku Mbuchi waliweka mashine ya kuchambulia, ya kuzungusha kwa mkono, yenye meno mengi madogo yanayong'oa nyuzi kwenye mbegu. Wanawake tulipangwa zamu. Vumbi lake liliingia kifuani likakaa. Magunia yaliyojaa yalikwenda kwa Bata, na Bata akayateremsha baharini. Mume wangu alisema mzigo wa pamba ni mwepesi, Bata anaupenda. Nilimwambia asirudie kunisemesha hivyo, na hakurudia.

Kaka yangu alikuja mara ya mwisho baada ya mavuno. Hakubeba nta. Alikaa ukumbini bila kuegemea ukuta, nikamuuliza mbona huegemei. Nikainyanyua mwenyewe shuka yake. Mgongo ulikuwa umechanika na kufunga na kuchanika tena.

"Viboko hamsa ishirini," akasema. "Nilimwambia akida kwamba mama ana homa, nitakwenda shambani kesho."

Mume wangu aliingia akatukuta hivyo. Akachukua mafuta ya nazi, akapiga magoti nyuma ya kaka, akaanza kumpaka taratibu kwa kidole kimoja. Kaka akamwacha ampake. Kisha akasema, akiwa bado amempa mgongo, "Shemeji, ondoka katika kile chombo."

"Niende wapi?"

"Njoo nasi. Umesikia habari za maji."

Kila mtu alikuwa amesikia. Watu wa vilimani na wa bondeni walikuwa wakienda kwa makundi kwa mganga, wanapewa dawa, maji yenye mtama na mahindi ndani, na wanaambiwa risasi ya Mdachi ikiwagusa itayeyuka. Kaka alikuwa na kibuyu kidogo kiunoni mwake, kimefungwa kwa kamba ya mwaa. Alikigusa alipokuwa anasema.

Mume wangu alirudisha kidole kwenye mafuta. "Shemeji," akasema, "mimi kila siku natia moto chini ya maji. Nayajua. Hayazuii kitu."

"Hayo ni ya mto tu. Haya yameombewa."

"Haya. Lakini mimi nimewekeana mkataba nao. Nikitoroka watamchukua baba yangu wamfunge mnyororo. Na meli haina ugomvi na mtu, inabeba mizigo."

"Siku ikibeba askari?"

Mume wangu akafunika chombo cha mafuta. Kaka akavaa shuka yake. Alikula wali wangu, akanisifia samaki, akanishika kichwa kama alivyofanya tulipokuwa wadogo, akasema nimuombee mama. Mlangoni alimpa mume wangu mkono. Nilidhani hatampa, akampa.

Haukupita muda, tukasikia kule vilimani watu wameng'oa pamba ya jumbe na kuitupa njiani. Halafu ikawa vita. Waya wa simu ulikatwa, maduka ya akida yakachomwa, na kila siku mitumbwi ilileta habari nyingine. Bata akaitwa. Waliyachukua magunia ya pamba yaliyokuwa yakingoja kusafirishwa, wakayapanga pembeni mwa meli kama ukuta wa kuzuia mishale na risasi za gobori. Mbele, kwenye ncha, wakafunga bombomu, ile bunduki ya kutema risasi bila kupumzika. Askari wakajaa ndani na mizigo yao.

Nilikuwa na mimba ya miezi minne. Nilimfuata mume wangu hadi gatini, na mbele ya askari nikamshika mkono. "Usiende," nikamwambia. "Jitie ugonjwa. Nitasema nimeharibu mimba, nitasema lolote."

"Wameshanihesabu," akasema. "Nikiwa ndani labda nitafaa. Nje sifai kitu."

Walikaa juu ya mto siku kumi na tisa. Najua kwa sababu nilikuwa nikifunga fundo kwenye kamba.

Aliporudi alikuja moja kwa moja nyumbani, mchana wa jua kali, bila kupita kwa baba yake. Alikuwa amevaa suruali tu. Ile shuka yake ya bluu aliyokuwa akijifunga mabegani haikuwapo. Alikataa maji. Alikaa chini kwenye mchanga wa uani, mimi nikiwa nimesimama kwenye kinu, na akaanza kunieleza bila mimi kumuuliza.

Alisema walikwama kwenye fungu la mchanga, mahali mto unapopinda. Kwenye matete palikuwa na watu wengi, mtama umefungwa vichwani mwao, wakatoka wakipiga kelele za maji, maji. Bombomu likawapiga. Walianguka na wengine wakatoka. Mzungu juu akapiga kengele ya kurudi nyuma ili meli ijinasue, lakini gurudumu likagoma. Watu wachache walikuwa wamezunguka kwa nyuma, ambako bombomu halifiki, wakaogelea na gogo, wakalisukumiza kati ya mbao na chuma. Mgoa akamwambia atie kuni, mvuke ukiwa mkubwa gogo litavunjika. Akatia.

"Nilitia kwa nguvu zangu zote," akasema. "Nilifikiri chombo kikinasuka tukaondoka, bunduki zitanyamaza. Nilifikiri nawaokoa. Gogo likavunjika. Gurudumu likazunguka. Tulipofika kwenye kina nikatumwa nyuma kutoa vipande vya mti."

Nilisikia kuku wakiparura.

"Alikuwa pale," akasema. "Shemeji alikuwa pale kwenye mbao."

Nilimuuliza swali la kijinga. Nilimuuliza, "Ulimjuaje?"

"Kwa mgongo," akasema.

Alimtoa mwenyewe. Mzungu alimpigia kelele amtupe majini waondoke. Alimfunga katika shuka yake, akashuka naye kwenye mchanga, akamlaza ubavu wa kulia aelekee kibla kwa kadiri alivyoweza kukisia, akaanza kuchimba kwa mikono na kwa kipande cha ubao. Askari mmoja alishuka akamvuta kwa shingo kabla hajamaliza. Alikuwa amemfunika hadi kifuani.

Nimewaza mara nyingi kwamba angeweza kunyamaza. Hakuna mtu wa Mbuchi aliyejua. Ningeambiwa kaka yangu alikufa vitani kama wengine. Alikuja kunieleza mwenyewe, na mimi siku ile sikuona wema wowote katika hilo. Nilikiacha kinu, nikaingia ndani, nikafunga mlango. Usiku alilala uani. Baada ya siku chache akapita mwanamke muuza chumvi, aliyekuwa akienda kusini kutafuta watoto wake, nikafuatana naye. Mume wangu aliniona nikifunga mkeka. Alinifungia samaki wakavu katika jani la mgomba, akauweka mzigo juu ya kichwa changu, na hakuniambia nisiende.

Kijiji chetu nilikikuta majivu. Mama alikuwa katika mapango na watu wengine, kwa kuwa vilima vyetu vina mapango makubwa na askari waliogopa kuingia. Nilimkuta amekaa kwenye mlango wa pango akichambua mizizi. Alinitazama tumbo, akatazama nyuma yangu kama kuna mtu mwingine anakuja, kisha akasema, "Basi ni kweli."

Nikamwambia yote. Nilidhani atampiga mume wangu laana, nami nilikuwa tayari kuitikia. Hakulaani. Alilia kwa sauti ndogo, kama mtu anayejiumiza kidole, na kesho yake akarudi kwenye mizizi.

Njaa ilikuwa mbaya kuliko vita. Askari walichoma maghala na kukata mtama mbichi, na mvua ya mwaka ule hakuna aliyekuwa na mbegu ya kuipandia. Tulikula ming'oko, mizizi ya porini, tukaimaliza karibu, tukaenda kuichimba mbali. Tulikula matunda ambayo nyani huyaacha. Binti yangu alizaliwa katika pango, mwanamke muuza chumvi akimpokea, na maziwa yangu yalikuwa kama maji ya kuoshea mchele.

Mtoto akiwa na siku kama arobaini, mume wangu akaja. Alitembea kutoka bondeni na kiroba cha mchele kichwani, katika njia ambazo watu walikuwa wakiuana kwa konzi ya mtama. Sijui alipitaje. Alisimama mbali na mlango wa pango, ameugeuza uso pembeni kwa heshima ya mkwe, akabisha hodi.

Mama akatoka. Walisimama hivyo, yeye akitazama miti na mama akimtazama yeye.

"Ulimzika?" mama akamuuliza.

"Nilimzika, mama. Kwa mikono yangu."

"Aliumia sana?"

Aliushika mzigo kichwani kwa mikono miwili. "Hapana, mama. Ilikuwa mara moja. Hakujua hata kilichompata."

Mama akasema, "Weka mchele hapo. Usiingie."

Akauweka. Nilitoka na mtoto, nikamwonyesha. Alimpokea kwa namna ya mtu anayepokea chombo cha moto, akamsomea adhana sikioni ingawa siku zake zilikuwa zimepita, akanirudishia. Mama aliupika ule mchele, akanipa mimi ili nipate maziwa. Yeye hakuuonja. Kila siku alinipikia na kukaa pembeni akitafuna ming'oko yake. Nilimsihi. Alisema tumbo lake halitaki wali. Mume wangu alipokuja mara ya pili na kiroba kingine, mama alikuwa ameshafariki, siku tisa kabla, na tulikuwa tumemzika karibu na mlango wa pango kwa kuwa hapakuwa na mtu mwenye nguvu ya kumbeba kwenda mbali.

Mara hiyo ya pili nilimwomba talaka. Alikuwa ameketi akimpepea mtoto kwa jani, na nilikuwa nikitazama mikono yake. Sikuwa na hasira tena. Tatizo lilikuwa ile mikono. Ilikuwa myepesi, ilikuwa na huruma, na nilijua ilivyoshika kuni.

"Siwezi," nikamwambia. "Najua hukukusudia. Hukujua ni yeye. Lakini siwezi."

Alipepea kidogo zaidi. "Nilijua utasema," akajibu. Akaita wanaume wawili waliokuwa pale pangoni wawe mashahidi, akaniacha kwa maneno ya kisheria, vizuri, bila kunitukana wala kutaka kurudishiwa kitu. Aliondoka kabla ya adhuhuri.

Vita vilipokwisha niliteremka bondeni na mtoto, nikaolewa na mkulima wa huku Kibiti, mtu mwema, tukazaa watatu. Bata niliambiwa alipasuka tumbo juu ya kisiki, wakamtoa vyuma vya maana na kuliacha gamba lake kwenye mchanga. Mume wangu wa kwanza hakurudi kwenye meli yoyote. Alihamia Mahege, akawa anatengeneza masufuria, kufuli, na baadaye cherehani za watu. Alioa, mkewe akafariki bila mtoto. Binti yetu alikwenda kwake kila baada ya mavuno, na alikuwa akirudi na nguo mpya na hadithi za baba. Hakuna hata mara moja aliponiletea salamu zake, kwa sababu hakuzituma. Nadhani aliona hana haki ya kuzituma.

Miaka ikapita. Nikawa mjane. Nilipozeeka nilianza kumfikiria kwa namna nyingine. Nilisema moyoni, huyu mtu alitia kuni kwa amri, hakujua aliye nyuma, alimzika ndugu yangu kwa mikono, alinieleza kweli wakati uongo ungemfaa, alitubebea mchele katikati ya mauti, nami nikamlipa kwa kumwacha peke yake. Mtu huyo nilimdhulumu. Kwa hiyo binti yangu alipokuja kuniambia, "Mama, baba hali yake si nzuri, hainuki tena," nilivaa, nikajifunika, nikaenda naye Mahege kumwomba radhi kabla hatujafa.

Alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, barazani, mahali penye hewa. Alikuwa amekwisha, amebaki mifupa. Akanijua mara moja. Binti yetu akaenda kisimani, akatuacha.

Nilimuuliza hali, akanijibu. Kisha nikasema nilichokuja kusema. Nilimwambia nimemkosea. Nilimwambia kosa halikuwa lake, ni vita, yeye hakujua, na mimi nilimhukumu kama aliyejua. "Niwie radhi," nikasema.

Alianza kulia. Nilidhani ni faraja. Nikasogeza kigoda karibu.

"Usiniombe radhi," akasema. "Usiniombe kabisa."

"Kwa nini?"

"Alinigongea." Akatazama paa la baraza. "Nilipokuwa pale kwenye tanuri, kabla mvuke haujapanda. Alinigongea kwenye bati la nyuma, mara tatu. Akaniita. Alisema, shemeji, zima moto. Zima moto, shemeji, sisi hapa."

Nikashika ukingo wa kitanda.

"Niliijua sauti," akasema. "Nilikuwa na ukuni mkononi. Mgoa yuko nyuma yangu, na askari mmoja pembeni ameshika bunduki. Kumwaga maji kwenye moto ni jambo la mara moja tu, ndoo ilikuwa pale miguuni. Nikautia ule ukuni ndani. Nikatia na mwingine."

"Kwa nini?" nikauliza, na sauti yangu haikuwa kama yangu.

"Niliogopa."

Hakutafuta udhuru. Alinitazama kwa muda, mtu mzee amelowa machozi mpaka masikioni kwa sababu amelala chali. Mwisho akasema kwa sauti ya chini, "Sasa mimi ndiye wa kukuomba. Niwie radhi wewe, kwa niaba yake na ya mama."

Nilifungua kinywa nikitaka kusema nimekuwia radhi. Neno lenyewe ni dogo, tunaambiana kila siku, hata mtu akikukanyaga njiani. Halikutoka. Nilichukua kikombe cha uji kilichokuwa kando yake, nikamnywesha kwa kijiko, akanywa. Nikamfuta kidevu. Nikakaa naye mpaka alasiri, nikimfukuzia nzi, na kila mara nilipojaribu tena nilisikia bati likigongwa mara tatu. Binti yetu akarudi na maji, akafurahi kutuona tumekaa karibu vile.

Alifariki siku ya pili, asubuhi. Wanaume walimwosha, wakamswalia, wakampeleka. Mimi nilibaki ndani na wanawake. Binti yangu alilalia bega langu akilia, akasema, "Mama, baba alikuwa mtu mwema, si ndiyo?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mwanangu, alikuwa mwema." Nilimaanisha nilichosema. Yale mengine sikumwambia siku ile, wala siku nyingine. Kisha nikainuka kwenda kusaidia kupika, kwa kuwa watu wa matanga walikuwa wengi na nyumba ile haikuwa na mwanamke wa kuisimamia.